Mbeya Mjini na Iringa Mjini: majimbo mawili, mwendo mmoja

Iweke orodha ya wabunge wa Mbeya Mjini kando ya ile ya Iringa Mjini kuanzia 1995, utadhani wapiga kura wa miji hii miwili hupigiana simu kabla ya kwenda kituoni. Mwaka 1995 wote walichagua chama cha upinzani cha NCCR-Mageuzi: Mbeya ikampeleka bungeni Polisya Mwaiseje, Iringa ikampeleka Mfwalamagoha Kibassa. Mwaka 2000 na 2005 wote wakawa CCM, Mbeya ikiwakilishwa na Benson Mpesya na Iringa na Monica Mbega. Mwaka 2010 wote wakahamia CHADEMA, wakamchagua Joseph Mbilinyi, yaani Sugu, na Mchungaji Peter Msigwa, na 2015 wakawarudisha wote wawili. Mwaka 2020 majimbo yote mawili yakarudi CCM, tena kwa wanawake: Dkt. Tulia Ackson na Jesca Msambatavangu.

Sisi tunaofundisha historia ya siasa huulizwa mara kwa mara kama watu wa mjini "ni wapinzani kwa asili". Sidhani. Majina ya wabunge ni sehemu nyepesi ya historia ya jimbo. Sehemu nzito iko kabla ya siku ya kura: nani anaruhusiwa kugombea, nani anaruhusiwa kuchagua, na mpaka wa jimbo unapita wapi.

Tuanzie mbali kidogo. Katika uchaguzi wa Baraza la Kutunga Sheria wa 1958 na 1959, Tanganyika iligawanywa majimbo kumi, na Nyanda za Juu Kusini yote, Iringa na Mbeya pamoja, ilikuwa mojawapo. Mpiga kura alitakiwa kupiga kura tatu: moja kwa Mwafrika, moja kwa Mwasia na moja kwa Mzungu. Asiyetaka kuchagua wote watatu, kura yake iliharibika. Na kabla ya kufika hapo alipaswa awe na elimu, kipato au wadhifa uliotajwa na sheria, masharti yaliyowaacha nje wakulima walio wengi. TANU ilibishana vikali Tabora Januari 1958 kama ishiriki au isusie, ikaamua kushiriki na ikashinda. Kutoka huku kwetu aliingia John Mwakangale, na pia Lady Marion Chesham, mlowezi aliyeungwa mkono na TANU. Wengi wanaokwenda Nane Nane katika viwanja vya John Mwakangale pale Uyole wanalijua jina kutokana na maonyesho ya ng'ombe na mbegu, wala hawajui kwamba huyu alikuwa mwakilishi wao wa mwanzo kabisa wa kuchaguliwa.

Chaguzi za kuanzia 1965 hadi 1990 zilikuwa za chama kimoja. Wagombea wawili wa chama kilekile walisimama, mmoja akapewa alama ya jembe na mwingine nyumba. Watu wazima bado wanabishana ipi ilikuwa na bahati zaidi. Ushindani ulikuwapo na wapo waliokuwa wabunge wakaangushwa, ila majina hayo mawili yalikuwa yamekwisha kuchujwa na vikao vya juu. Miaka mingi ya kipindi hicho Spika alikuwa Chifu Adam Sapi Mkwawa wa Iringa, aliyekikalia kiti 1962 hadi 1973, kisha 1975 hadi 1994.

Vyama vingi vilirudi kwa sheria mwaka 1992, na 1995 ikaja kura ya kwanza. NCCR-Mageuzi, ikiwa na Augustino Mrema kama mgombea urais, ilipata majimbo 16 nchi nzima, na miji yetu miwili ilikuwamo. Kisha chama kikapasuka. Mrema alihamia chama kingine, TLP, mwaka 1999, na mwaka uliofuata NCCR ikabaki na jimbo moja tu. Kwa hiyo anayesema wapiga kura wa Mbeya na Iringa "walirudi nyumbani" CCM mwaka 2000 aangalie vizuri: nyumba waliyohamia ilikuwa imebomoka, na mshindi katika jimbo ni yule mwenye kura nyingi kuliko wenzake, hata kama hazifiki nusu. Upinzani uliogawanyika huadhibiwa na utaratibu huo kabla hata ya kampeni kuanza.

Somo lililo wazi kuliko yote ni la Iringa Mjini mwaka 2010. Ndani ya CCM, kura za maoni, yaani kura ambazo wanachama hupiga kupendekeza mgombea wao, ziliongozwa na Frederick Mwakalebela, aliyewahi kuwa Katibu Mkuu wa TFF, shirikisho la mpira wa miguu. Jina lake halikurudi. Vikao vya juu vilimteua Monica Mbega, mbunge aliyekuwapo, na Oktoba Mchungaji Msigwa akalitwaa jimbo. Miaka mitano baadaye CCM ilimsimamisha Mwakalebela mwenyewe, naye akashindwa na Msigwa. Watu wa Iringa wana maelezo mengi kuhusu hilo, kila kijiwe na lake. Langu ni kwamba mwaka 2010 mlango ulifunguliwa kutoka ndani, na ulipokwisha kufunguka haukufungika kwa kumleta tu mtu aliyekuwa ametakiwa jana.

Kura za maoni zina uzito huu kwa sababu Tanzania hairuhusu mgombea binafsi: Katiba inamtaka mgombea ubunge awe mwanachama wa chama cha siasa na awe amependekezwa nacho. Aliyepigana na sharti hilo mahakamani kwa miaka mingi ni Mchungaji Christopher Mtikila, mzaliwa wa Ludewa, naye ni wa nyanda hizihizi. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, Arusha, ilimpa ushindi Juni 2013. Sharti lenyewe limebaki.

Mbeya Mjini ilikuwa na hadithi ya aina nyingine. Sugu alikuwa msanii wa hip hop anayejulikana nchi nzima kabla hajawa mwanasiasa, na mji ulikuwa umejaa vijana wa biashara ndogondogo, Mwanjelwa, Kabwe na Soweto, waliokuwa na mengi ya kudai kuhusu maeneo ya kufanyia kazi. Soko la Mwanjelwa lilikuwa limeungua mwaka 2006. Mwaka 2015 Sugu alipata kura zaidi ya 100,000, na CHADEMA ikayachukua pia mabaraza ya madiwani ya miji yote miwili: David Mwashilindi akawa Meya wa Mbeya, Alex Kimbe wa Iringa. Hapo ndipo wananchi walipoona kwamba mbunge na diwani ni kazi mbili. Taa ya barabarani na ushuru wa soko ni mambo ya baraza. Mbunge husemea bajeti na sheria Dodoma, na hapa nyumbani ni mjumbe tu wa baraza hilo.

Dkt. Tulia, aliyekuwa mbunge wa kuteuliwa na Naibu Spika tangu 2015, alilichukua jimbo mwaka 2020. Upinzani uliyakataa matokeo ya uchaguzi ule. Katika Tanzania Bara ulibakiwa na majimbo mawili tu, mojawapo Nkasi Kaskazini, kule Rukwa. Februari 2022 Dkt. Tulia akawa Spika, na Oktoba 2023 akachaguliwa Rais wa Umoja wa Mabunge Duniani.

Halafu jimbo lenyewe likakatwa. Ibara ya 75 ya Katiba inaipa Tume ya Uchaguzi uwezo wa kugawa majimbo kwa kibali cha Rais, ikizingatia idadi ya watu, mawasiliano na jiografia, na mipaka huchunguzwa angalau kila miaka kumi. Maombi huanzia halmashauri, yakapita vikao vya ushauri vya wilaya na mkoa. Mwaka 2025 kigezo kilichotangazwa kilikuwa watu 600,000 kwa jimbo la mjini na 400,000 kwa vijijini. Sensa ya 2022 ilihesabu watu 541,603 katika Jiji la Mbeya na 202,490 katika Manispaa ya Iringa. Mei 2025 Tume ilitangaza majimbo mapya manane, likiwamo Uyole, lililokatwa kutoka Mbeya Mjini ingawa hesabu ya sensa haikufika kigezo hicho, na idadi ya majimbo nchini ikawa 272. Iringa Mjini ilibaki kama ilivyo.

Oktoba 2025, katika uchaguzi ambao CHADEMA haikushiriki na uliofuatwa na maandamano na vifo, CCM ilichukua yote: Patrick Mwalunenge Mbeya Mjini, Dkt. Tulia Uyole, Fadhili Ngajilo Iringa Mjini.

Mkazi wa Mbeya anayetaka kujua mbunge wake ni yupi aanze na kata yake, si na jina la mji. Ila akumbuke kwamba kilichogawanywa ni jimbo, halmashauri haikuguswa. Jiji lina kata 36, baraza moja la madiwani na meya mmoja, na katika baraza hilo sasa wanaingia wabunge wawili wa majimbo.