General Motors sio ya jenerali, na GM sio jina la gari

Wiki iliopita niko ndani ya matatu Mombasa Road, Nairobi, asubuhi, magari hayasogei, na tulipokaribia ile steji ya GM kijana aliekaa mbele yangu akaanza kumweleza mwenzake kwamba GM ni General Motors, na huyo General alikua jenerali wa jeshi la Marekani aliestaafu akafungua kiwanda cha magari. Aliongea kwa uhakika kabisa. Mwenzake akaitikia, akaongeza kwamba ndo maana malori ya GM hayafi. Kabla sijapata nafasi ya kusema kitu makanga akagonga bodi, wakashuka.

Hio habari ya jenerali nimeisikia mara nyingi mno. Nimeisikia kwa mafundi, nimeisikia kwenye harusi, kuna hadi mtu mzima aliwaeleza wanawe hivohivo mbele yangu. Inaniuma kwa sababu historia yote ya hii kampuni imo ndani ya hilo neno moja, ukilikosea pale mlangoni kila kitu kilichofuata hakikuingii akilini.

Maana yenyewe ni fupi. General Motors ni kampuni ya Marekani, makao makuu Detroit, ilisajiliwa tarehe 16 Septemba 1908 kule New Jersey, na inatengeneza magari yanayouzwa kwa majina tofauti, makubwa kwa sasa ni Chevrolet, Buick, GMC na Cadillac. Basi.

Sasa tuje kwa neno. Kwa Kiingereza "general" kwanza ni sifa, maana yake kitu cha wote, kisichobagua aina. Limetoka Kilatini, generalis, na ndani yake kuna genus, yaani aina au ukoo. Cheo cha jeshi kilikuja baadae. Zamani jeshini alikuwepo "captain general", kapteni aliye juu ya makapteni wote, watu wakalifupisha hilo jina wakaliacha general peke yake. Kwa hivo hata jenerali mwenyewe amepata jina kutoka kwa sifa, sifa haikutoka kwake. Na hio jenereta inayounguruma nyuma ya duka stima ikipotea ni ukoo huohuo, imetoka kwa kitenzi cha Kilatini cha kuzaa, inazaa umeme.

Sisi kwenye Kiswahili tulilichukua jenerali likiwa limeshavaa gwanda, ile sifa ya asili hatukuichukua kabisa, tuliitafsiri. Tunasema Mwanasheria Mkuu, tunasema Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, tunasema uchaguzi mkuu, na hizo zote kwa Kiingereza zina general ndani yake, lakini hakuna mtu anaedhani Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa ana nyota mabegani. General Motors haikutafsiriwa, iliandikwa ukutani vilevile ilivyo, na jicho la Mswahili likaona jenerali kwa sababu ndo general pekee analomjua.

Ningelitafsiri vipi mimi? Magari Makuu hapana, inasikika kama msafara wa rais. Magari ya Jumla nayo ina mtego, manake kwetu duka la jumla ni pale unanunua katoni nzima ukapunguziwa bei. Lakini jumla ndo neno lenyewe ukilirudisha darasani. Jumla ni kile unachopata ukishajumlisha, na General Motors ni kampuni iliozaliwa kwa kujumlisha. Haikuanza na gari, haikuanza na fundi aliebuni injini kwenye banda lake kama ilivyokua kwa wengi, ilianza na hesabu ya kujumlisha kampuni za watu wengine. Miaka ile majina ya namna hii yalikua yanatoka sana Marekani, General Electric 1892, United States Steel 1901, International Harvester ya mashine za shamba 1902. Ukiona General, United au International kwenye bango la wakati ule, mara nyingi ujue ndani kuna kampuni kadhaa zimeunganishwa na nyuma yake kuna benki.

Na "Motors" pia, kabla sijasahau, maana kuna wanaodhani walikua wanauza mota. Wazee wetu walisema motokaa. Hio motor ya 1908 ndo hio motokaa, yaani gari zima na matairi yake.

Aliefanya hio hesabu ni William Durant, watu walimwita Billy, mtu wa Flint, Michigan. Hakua mwanajeshi wala fundi, alikua muuzaji. Utajiri wake wa kwanza ulitokana na mikokoteni ya kukokotwa na farasi, yeye na mwenzake Dallas Dort walikua na kampuni kubwa sana ya hio kazi, na magari ya injini mwanzoni alikua hayapendi. 1904 akapewa Buick aisimamie kwa sababu ilikua inakwama. David Buick mwenyewe, Mskoti aliekua anashughulika na mabomba na mabafu kabla ya magari, hakua hodari wa biashara. Durant aliiinua Buick mpaka kufika 1908 ilikua kati ya magari yanayouzwa zaidi Marekani yote, alafu badala ya kutulia na hilo moja akaanza kutamani ya wenzake.

Alikaa na wenye kampuni nyingine kadhaa, akiwemo Henry Ford, kuzungumzia kuungana. Ford akasema yeye anataka pesa taslimu. Mpango ukavunjika na Durant akaenda akasajili kampuni yake na mtaji wa dola 2,000 tu kwenye karatasi, jina General Motors. Angalia hapo, dola 2,000, hakuna kiwanda, hakuna gari, kuna jina na nia. Alafu akaanza kujumlisha. Buick ikaingia, Oldsmobile ikaingia mwaka huohuo wa 1908, Cadillac na Oakland zikaingia 1909, na kampuni nyingine nyingi ndogo za spea na malori. Nyingi alizilipa kwa hisa, sio kwa noti. Ford alifuatwa tena 1909, akataka dola milioni 8 taslimu, mabenki wakakataa kumkopesha Durant. Na hio Cadillac ina kisa chake, ilizaliwa 1902 kutoka kwa mabaki ya kampuni ya pili ya Henry Ford, Ford aligombana na wenye pesa akaondoka, wao wakabadilisha jina wakaipa la Mfaransa aliefungua mji wa Detroit 1701.

Hapa ndo utaona tofauti ambayo neno jenerali linaifunika. Wiki chache baada ya GM kusajiliwa, tarehe 1 Oktoba 1908, Ford alitoa Model T na kwa karibu miaka 19 akakaza gari hilohilo, aina moja, kila siku anatafuta namna ya kulitengeneza kwa bei ya chini zaidi. Ford ni jina la mtu na ni jina la gari, ukisema Ford umemaliza. General Motors sio jina la mtu wala la gari, ni jina la kapu. Unaweza kulitoa hili ukaweka lile, kapu linabaki.

Na kapu lilikaribia kupasuka mapema sana. 1910 madeni yakamzidi Durant, mabenki wakatoa mkopo wa dola milioni 15 na sharti moja likiwa yeye aachie usukani. Mwingine angeenda kulima. Durant akamchukua dereva wa mbio, Louis Chevrolet, mzaliwa wa Uswisi, wakaanzisha gari jipya 1911 kwa jina la huyo dereva. Wawili hawa hawakuelewana, Chevrolet akaondoka na jina lake likabaki nyuma. Gari likauzika vizuri, na Durant akaanza kubadilishana hisa za Chevrolet kwa hisa za General Motors kimyakimya mpaka 1916 akarudi kwenye kiti. Yaani kwa muda Chevrolet ndo ilikua inamiliki sehemu kubwa ya General Motors, mtoto amemnunua mama, na ni 1918 tu ndo mambo yakageuzwa Chevrolet ikawekwa ndani ya kapu kama nyingine. Kila nikimsikia mtu anaitaja "kampuni mama" kana kwamba ilikuwepo mwanzo ikazaa watoto nakumbuka hii. Kwa GM watoto walitangulia karibu wote. Mama aliletwa baadae kwa karatasi ya wakili.

Durant aliondolewa tena 1920, safari hii hakurudi. Alifilisika 1936, akaendesha ukumbi wa mchezo wa bowling huko Flint, akafa 1947. Kapu likachukuliwa na Alfred Sloan, mhandisi aliekuja na kampuni yake ya beringi, akawa rais wa GM 1923, na yeye ndo alielipanga. Alikuta magari yanang'ang'aniana wateja walewale, akayapanga kama ngazi, chini Chevrolet, alafu Pontiac ilipokuja 1926, Oldsmobile, Buick, juu kabisa Cadillac. Aliwaandikia wenye hisa 1924 kwamba wanataka gari kwa kila mfuko na kwa kila kazi. Ndo maana ya general hio, imeandikwa na mwenye nyumba mwenyewe. Kabla ya miaka ya 20 kuisha GM ilikua imeipita Ford, na kuanzia 1931 iliongoza dunia kwa mauzo kwa miaka 77, mpaka 2008 Toyota ilipoipita.

Ile habari ya jeshi najua ilikotokea na siilaumu sana. Vita vya Pili GM iliacha kabisa magari ya raia kuanzia 1942 ikatengeneza vitu vya vita, na lile lori la GMC la magurudumu sita ya kuvuta lilitengenezwa zaidi ya 500,000. Mtu akiona picha za malori yale, na neno General, anaunganisha. Lakini jina lilikua na zaidi ya miaka 30 wakati huo.

Na hapo nimetaja GMC, tafadhali, GM na GMC sio kitu kimoja. GM ni kapu. GMC ni chapa moja ndani ya kapu, ya malori, pikapu na magari makubwa ya familia, ndo zile ndugu zetu walioko Ghuba wanaziita jimsi kama Waarabu wanavyoziita. Gari dogo lililowahi kuuzwa kwa jina la GM yenyewe ni moja tu, lile la umeme la EV1 la 1996, na hata hilo halikuuzwa, lilikodishwa, wakaja kuyakusanya na mengi yakapondwa. Kwa hivo mtu akikuambia "nimenunua GM", muulize ipi.

Kapu linajumlishwa na linatolewa pia. Oldsmobile ilifungwa 2004. Tarehe 1 Juni 2009 GM ikaomba ulinzi wa mahakama kwa kufilisika, na hapa pia watu wanasema "GM ilikufa" au "GM haikufilisika, serikali iliiokoa", na zote mbili hazijakaa sawa. Kampuni ya zamani ilibadilishwa jina ikaachiwa madeni na viwanda visivyotakiwa, kampuni mpya ikanunua vile vizuri pamoja na jina, ikatoka tarehe 10 Julai mwaka huohuo serikali ya Marekani ikiwa na takriban asilimia 61. Serikali iliuza hisa za mwisho Desemba 2013 kwa hasara ya zaidi ya dola bilioni 10. Pontiac, Saturn, Hummer na Saab hazikuvuka, ingawa Hummer imerudi kama jina la gari la umeme la GMC. Opel ya Ujerumani, waliokua nayo tangu 1929, ikauzwa 2017.

Na mwaka huohuo wa 2017 wakauza kile cha hapa kwetu. Kiwanda cha Mombasa Road kilianza kuunganisha magari miaka ya 70, vipande vinakuja kwenye makontena vinafungwa hapa, na kwa miaka mingi malori, pikapu na mabasi yaliotoka pale yalikua kwa wingi Isuzu, kampuni ya Japani ambayo GM ilikua na hisa zake tangu 1971 mpaka 2006. GM waliwauzia Isuzu sehemu yao, asilimia 57.7, jina la kampuni likawa Isuzu East Africa na bango likabadilishwa. Steji ikabaki GM.

Kwa hivo ndugu yangu wa ile matatu, jenerali hayupo. Alikuwepo muuzaji wa mikokoteni ya Flint aliependa kujumlisha, na hayo malori mliokua mnayasifu ni Isuzu, jina la mto kule Japani. Steji endelea kuiita GM, hata mimi kesho nitamwambia makanga anishushe GM.