Kuzungusha nati hakukazi springi

Wiki hii tena kaja mteja na spana mkononi na maneno yaleyale: amezungusha nati za springi (zile zinazoshikilia springi kwenye shokapu, za kurekebishia kimo cha gari) raundi tatu, sasa springi zimekuwa ngumu na gari itatulia kwenye kona. Gari yenyewe ni ya mtindo wa Lotus Seven, kigari chepesi cha michezo, kaiunganisha mwenyewe nyumbani hapa Uingereza, na kulehemu kwake chasisi hakuna kasoro. Lakini springi zake hazijawa ngumu hata kidogo.

Dhana: Ukipandisha nati, springi inakuwa ngumu

Ugumu wa springi unatokana na unene wa waya, upana wa duara lake na idadi ya mizunguko inayofanya kazi. Nati haigusi hata kimoja kati ya hivyo. Chukua springi inayohitaji kilo 5 ili ibonyee milimita 1. Ikibeba kilo 150, inabonyea milimita 30. Pandisha nati milimita 10, kushoto na kulia: mzigo bado ni kilo 150, kwa hiyo springi bado imebonyea milimita 30 zilezile. Kilichobadilika ni shokapu, imerefuka milimita 10, na bodi imepanda. Basi. Kama huamini, pima springi kwa rula kabla na baada, gari ikiwa imekalia matairi yake.

"Mbona naisikia ngumu?" Karibu wote huniuliza hivyo, na kweli wanaisikia. Shokapu ina mwanzo na mwisho. Ukiipandisha gari mno, shokapu inakaa karibu imenyooka yote. Tairi likifika kwenye shimo halina nafasi ya kushuka, na unapata kishindo. Ukiishusha mno, inakaribia mpira wa kikomo, na kila tuta unaligonga kwa mpira badala ya springi. Huo si ugumu wa springi, ni nafasi imekwisha. Ukitaka ugumu, nunua springi nyingine. Nati ni ya kimo. Na tafadhali usiikate uliyo nayo. Iliyokatwa kweli inakuwa ngumu zaidi, lakini ni fupi, na gari ikiinuliwa kwa jeki springi inaweza kuchomoka mahali pake.

Dhana: Milimita 10 kwenye nati ni milimita 10 kwenye gari

Shokapu za mbele za gari hizi zimelala, tena zimefungwa upande wa ndani, mbali kidogo na gurudumu. Uwiano wa mwendo wa shokapu kwa mwendo wa gurudumu ukiwa 0.6, milimita 10 za nati ni karibu 17 za bodi. Zungusha kidogo, pima, rudia.

Dhana: Ikiwa chini zaidi ndiyo bora

Mpaka kiwango fulani, ndiyo. Ukipita hapo mikono ya saspensheni inainamia ndani, kitovu ambacho bodi inakizunguka kinashuka haraka kuliko kitovu cha uzito, na gari uliyoishusha isilale kwenye kona inalala zaidi. Usukani nao unaanza kujivuta kila barabara ikipanda na kushuka. Sampu, bakuli la oili chini ya injini, siizungumzii; tuta la kwanza litakueleza.

Dhana: Kimo kikilingana pembe zote, uzito umelingana

Meza ya mgahawa yenye karatasi chini ya mguu mmoja inaweza kuonekana imenyooka huku ikisimama kwa miguu miwili. Ukipandisha pembe moja tu, hiyo na ile ya mshazari wake zinaongezewa mzigo, mbili zilizobaki zinapunguziwa. Ndiyo maana juu nilisema kushoto na kulia. Hapa dawa ni mizani nne, moja chini ya kila tairi, si macho.

Halafu kuna upimaji wenyewe. Watu wanapima gari tupu, wakati kwenye gari nyepesi namna hii dereva ni sehemu kubwa ya mzigo, na amekaa upande mmoja. Weka mifuko ya mchanga yenye uzito wako kwenye kiti, jaza upepo sawasawa, pima kutoka kwenye chasisi, si kwenye bodi ya fiba. Ukiishusha kwenye jeki, isukume mita chache mbele na nyuma kwanza, maana matairi hutua yamebana na gari inasimama juu kuliko kimo chake. Boliti za bushi za mpira zikazwe gari ikiwa imekalia matairi. Ukizikaza ikiwa hewani, mpira unajisokota na kuibeba bodi, nawe unailaumu springi.

Alaimenti, yaani kunyoosha pembe za magurudumu, ni baada ya yote hayo, maana kimo kikibadilika nayo inabadilika. Mteja akiniambia nifanye alaimenti leo, kimo atakiweka mwenyewe nyumbani Jumamosi, namrudishia funguo zake.