"Kaka, Hiki Chakula Kizima Kweli?"

Kazi yangu ni ukalimani. Wateja wangu wengi ni wafanyabiashara wa magari kutoka Dar, Mombasa na Kampala, wanaokuja kwenye minada na yadi za Chiba na Yokohama. Ikifika saa saba mchana nawapeleka Saizeriya, mgahawa wa bei rahisi wa mapishi ya Kiitaliano wenye matawi kila kona ya Japani. Kila mara kuna mmoja anayeshika menyu, anaona doria, yaani wali uliookwa na sosi juu yake, yeni 300, kama dola mbili hivi, kisha ananiinamia sikioni kuuliza swali hilo hapo juu. Wiki iliyopita nimeulizwa mara tatu. Naandika ili wa nne nimtumie hii.

"Bei hii? Lazima kimechakachuliwa."

Hapa ndipo ninapochoka, kwa sababu anayesema ni mtu yule yule aliyenunua gari asubuhi kwa kutazama karatasi tu. Gari la miaka kumi linauzwa rahisi Japani naye hasemi limeibwa. Anajua habari ya shaken, ule ukaguzi wa lazima wa kila miaka miwili unaomkamua mwenye gari mpaka anaona heri auze. Anajua urahisi una sababu. Akikaa mezani, elimu yote inabaki yadi.

Basi sababu ni hizi. Mwaka 1967 Yasuhiko Shogaki, mwanzilishi wa Saizeriya, wakati huo kijana aliyekuwa anasoma fizikia, alichukua mgahawa mdogo ghorofani, juu ya duka la mboga mjini Ichikawa, mkoani Chiba. Wateja hawakuja. Kisha ukaungua. Akaufungua upya kwa mapishi ya Kiitaliano, bado kimya. Ndipo akakata bei kwa asilimia 70, na foleni ikashuka ngazi mpaka chini. Chumba kile kimehifadhiwa hadi leo kama makumbusho. Tangu siku hizo hesabu ya kampuni imekuwa ya kinyumenyume: bei inapangwa kwanza, halafu watu wanakuna vichwa watafute namna ya kuimudu.

Na wanaimudu kwa mambo yasiyo na uchawi wowote. Sosi nyeupe inatoka kiwanda chao wenyewe huko Melbourne, Australia, kwenye maziwa ya bei nafuu. Letasi inawekwa kwenye ubaridi wa nyuzi 4 za Selsiasi tangu shambani mpaka tawini, isinyauke na kutupwa. Jikoni hakuna kisu cha kukatia, kwa kuwa kila kitu kinafika kimeshakatwa. Hata usafi wa asubuhi waliupima kwa saa: wakaacha mashine ya kuvuta vumbi, wakashika mopu pana, muda ukapungua karibu nusu. Zidisha hayo kwa matawi zaidi ya elfu moja ndani ya Japani, utaona yeni zinaponea wapi.

Ndiyo, hakuna mpishi nyuma anayekaanga kitunguu. Chakula kimepikwa kiwandani, tawini kinaokwa na kupangwa sahanini. Anayeita huo udanganyifu aniambie mkate wake wa asubuhi anauoka mwenyewe saa ngapi.

Nikichoka kueleza, huwa namsogezea sahani. Doria inakuja kwenye bakuli jeupe la umbo la yai, kingo zimeungua kidogo, sosi ya nyama bado inachemka katikati. Mtu wa Pwani akichimba kwa kijiko anakuta chini wali wa manjano, umetiwa bizari. Hapo maswali hupungua. Ushauri wangu, na siubadilishi: nenda kwenye meza ya viungo, mimina mafuta ya zeituni juu yake, saga na pilipili manga. Mafuta hayo ni bure. Watu wanapita na njaa yao bila kuyagusa, inaniuma.

Doria yenyewe, kwa wanaodhani ndiyo chakula cha Waitaliano: ilizaliwa Yokohama, kwenye Hoteli New Grand, mikononi mwa mpishi Mswisi aitwaye Saly Weil, karibu mwaka 1930. Mwitaliano ukimtajia "doria" atadhani unamwita mtu.

"Sijaona nguruwe kwenye picha, basi halali." Hili silifanyii mzaha. Nyama ya kusaga Japani mara nyingi ni mchanganyiko wa ng'ombe na nguruwe, na neno "hambaga" halikulindi. Vipande vyembamba vya nguruwe hujificha hata kwenye sahani ya njegere. Kampuni inatoa orodha ya vizio, yaani vitu vinavyowadhuru wenye mzio, isomeni au niulizeni niwasomee. Kuchinja ni swali jingine kabisa, hata kwa kuku. Mteja anayelizingatia nampeleka kwa Wapakistani, ambao karibu na minada ya magari hawakosi kibanda chao cha biriani.

"Nimwachie binti kitu kidogo." Usiache. Atakukimbilia mpaka nje akidhani umesahau hela yako. Bili unalipia kaunta, basi.

"Kwa kuwa vinywaji vya mashine ni vya kujazia, tuagize kimoja tugawane watu wanne." Hapana jamani. Aliyelipa anajaza hadi achoke: kahawa, chai, soda. Asiyelipa anakunywa maji, ambayo nayo ni bure. Hii tabia ya glasi moja kuzunguka meza imenitia aibu mbele ya wahudumu wanaonijua kwa sura.

"Divai ya yeni 100 haiwezi kulewesha." Inaweza, na sheria ya Japani haimkamati dereva peke yake. Abiria aliyejua dereva amekunywa naye anaadhibiwa. Tukirudi yadi kwa gari, anayeendesha anakunywa chai.

Mwisho, ule mchezo wa picha mbili kwenye menyu ya watoto, wa kutafuta tofauti kumi. Wageni wangu huucheka, wanasema ni wa kuwatuliza vitoto. Mzee mmoja wa Mombasa aliukazania mpaka barafu ikayeyuka kwenye glasi yake, akapata sita, akaomba aondoke na menyu. Mimi sijawahi kupita nane.