Riwaya Pendwa: Dhana Potofu Kuhusu Kinachomkamata Msomaji

Pale Tom Mboya Street, Nairobi, jioni vitabu hutandazwa kando ya njia, na wateja huinama kusoma nyuma ya jalada. Mwulize muuzaji riwaya nzuri, naye atakuuliza kwanza: unataka ya upelelezi, ya mapenzi ama ya kutisha? Anajua kazi yake. Anayenunua riwaya pendwa ananunua ahadi, na ahadi hiyo imewekwa na jalada, kichwa na kurasa za mwanzo. Dhana nyingi zinazowapotosha waandishi chipukizi zinatokana na kusahau kwamba msomaji anaikumbuka ahadi hiyo mpaka ukurasa wa mwisho.

Dhana: Riwaya ya upelelezi hunoga msomaji akishtuliwa mwishoni

Kushtua ni rahisi. Mlete muuaji ambaye hajawahi kutajwa na kila mtu atashtuka, kisha ahisi ameibiwa. Utamu uko katika kushtuka na papo hapo kukumbuka kwamba ulionyeshwa. Mwaka 1929 Ronald Knox, padri na mwandishi wa Uingereza, aliweka kanuni kumi za hadithi za upelelezi. Moja inadai kwamba kila kidokezo anachokiona mpelelezi msomaji naye akione mara hiyo hiyo. Nyingine inakataza sadfa kumsaidia mpelelezi. Zipo kati ya zile kumi ambazo zimechakaa, lakini hizi mbili bado zina nguvu.

Tuone inavyofanyika. Kisa kinatokea Oktoba 2019. Mutua, mwenye duka la vipuri Kirinyaga Road, ameuawa. Mpelelezi anakunywa chai kibandani na shemeji ya marehemu. Shemeji anatoa noti ya shilingi 1,000 ili alipe. Mama wa chai anaigeuza mara mbili.

"Kijana wangu, hii ni ya zamani. Tafuta nyingine."

"Lakini mathe, nimezitoa benki leo asubuhi!"

Mama anacheka, anaandika kwenye daftari la deni: *Shemeji wa Mutua, 60*, na tarehe. Wakati huo huo matatu inakwaruza mkokoteni barabarani, watu wanapiga kelele, na mazungumzo yanageukia huko.

Noti za zamani za Kenya za shilingi 1,000 zilikoma kutumika baada ya tarehe 30 Septemba 2019. Benki isingempa mteja noti hizo mwezi Oktoba. Kwa hiyo shemeji amedanganya kuhusu zilikotoka pesa zake, na msomaji ameyasikia hayo kwa masikio yake akidhani ni kichekesho.

Kidokezo hiki kimewekwa sura ya tatu, katikati ya tukio, kwa sababu watu hukumbuka zaidi mwanzo na mwisho. Kama tukio lingeishia kwenye noti, wasomaji wazoefu wangeinusa palepale. Lakini kikitajwa mara moja tu hakuna atakayekikumbuka kurasa 150 baadaye, na ufumbuzi utaonekana wa kulazimisha. Basi kiguse tena karibu na nusu ya kitabu, kutoka upande mwingine: mjane aseme, huku akikunja nguo, kwamba mumewe hakuamini benki na aliweka akiba yake kwenye mkebe wa rangi. Sentensi moja inatosha. Mara ya tatu ni kwenye ufumbuzi.

Dhana: Kanuni za utanzu humchosha msomaji

Mtoto akisikia "Paukwa!" anaitikia "Pakawa!" akijua fika kwamba sungura ataponyoka. Anakaa kusikiliza ili ajue ataponyoka vipi. Mapenzi nayo ni hivyo hivyo. Chama cha Romance Writers of America kimeeleza riwaya ya mapenzi kwa mambo mawili tu: mapenzi yawe kiini cha kisa, na mwisho uwe wa kuridhisha na wenye matumaini. Nafasi iliyobaki ni pana mno.

Kinachochosha ni kikwazo hafifu. Ikiwa Achieng na Baraka wametengana kurasa 90 kwa sababu ya jambo ambalo simu ya dakika tano ingelimaliza, msomaji atawakasirikia wote wawili, na mwandishi zaidi. Kikwazo cha kweli hubaki hata baada ya ukweli wote kusemwa: Achieng amepata kazi Kisumu anayoitamani tangu shuleni, na Baraka ndiye anayemtunza mama yake mgonjwa Kayole. Hapo waongee usiku kucha na tatizo bado lipo asubuhi. Na simu kuisha chaji ni kisingizio unachoweza kukitumia mara moja tu katika kitabu kizima.

Dhana: Kila sura iishe mtu akiwa hatarini

Dhana hii imeenea sana kwenye simulizi zinazotumwa kwa WhatsApp, ambako wasomaji hulipia sehemu inayofuata na mwandishi anaogopa kuwapoteza. Kwa hiyo kila sehemu inaishia mlango ukigongwa usiku wa manane, na kila sehemu inayofuata inafichua kwamba aliyegonga ni jirani aliyeishiwa chumvi. Ukifanya hivyo mara mbili, mara ya tatu hakuna atakayeogopa hata akigonga muuaji mwenyewe.

Taharuki hukua msomaji anapolipwa kidogo kidogo. Tembea na maswali matatu ya ukubwa tofauti. La kwanza ni dogo, linajibiwa ndani ya sehemu hiyo hiyo: je, Wanjiru atapata ufunguo? La pili linachukua sehemu tatu hadi tano: nani anamtumia ujumbe? La tatu ni la kitabu kizima. Ukifunga dogo, fungua jingine. Wanjiru amepata ufunguo, lakini mlango unaofunguka si ule aliotarajia. Huo ni mwisho mzuri wa sura kuliko bastola, kwa kuwa msomaji amepokea kitu na bado ana njaa.

Mambo huharibika maswali yakirundikana. Mwandishi akifika sehemu ya 20 akiwa na maswali saba wazi, wasomaji huanza kuhisi kwamba yeye mwenyewe hajui majibu, na mara nyingi wako sahihi. Yaandike kwenye karatasi. Yakizidi manne, funga moja kabla ya kufungua jingine.

Dhana: Mhusika wa mfululizo lazima abadilike katika kila kitabu

Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, alimfikia msomaji kitabuni mwaka 1960, na katika vitabu vilivyofuata watu waliendelea kumpenda akiwa yule yule, na kiko chake mdomoni. Mfululizo wa namna hiyo ni kama kumtembelea mjomba: kisa ni kipya, mwenyeji ni yule yule. Kuna mifululizo mingine ambayo jeraha la kitabu cha kwanza linauma hadi cha tano. Zote zinafaa. Kinachowaudhi wasomaji ni kuchanganya: mke wa mpelelezi anafariki kitabu cha pili, na kitabu cha tatu mume anatania kana kwamba hakuna kilichotokea.

Tena huku kwetu wengi husoma mfululizo bila mpangilio. Kitabu kilichoko barabarani leo ni cha tatu, basi kinaanzwa hicho. Kila kitabu kifunge kesi yake, na historia ya nyuma isizidi aya moja, iingie pale mhusika anapoihitaji.

Ukitaka kumwua shujaa, fikiri sana. Arthur Conan Doyle alimwua Sherlock Holmes Desemba 1893. Mwaka 1901 akaanza kumwandika tena katika kisa kilichotangulia kifo, na 1903 akamfufua kabisa. Aliweza kwa sababu maiti haikuwahi kuonekana.

Dhana: Makosa madogo hayaonekani

Yanaonekana, na wanaoyaona ni wale wasomaji wanaokupenda zaidi. Weka daftari la mfululizo: umri na mwaka wa kuzaliwa wa kila mhusika, mkono anaotumia, makovu, anapoishi, na muhimu kuliko yote, nani anajua siri gani kuanzia sura gani. Mhusika anapojua jambo ambalo hakuna aliyemwambia, fumbo zima linavuja.

Jiji nalo lina tarehe zake. M-Pesa ilianza Machi 2007. Mhusika wa 2005 hawezi kutumiwa pesa kwa njia hiyo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Agosti 2017, hivyo mwaka 2020 nguo zenye damu hazifichwi kwenye juala la dukani bila mtu kuuliza limetoka wapi. Anayekimbizwa kutoka Westlands hadi Mlolongo kwa barabara ya Expressway lazima awe amekimbizwa 2022 au baadaye.

Dhana: Adui akishindwa, hadithi imeisha

Msomaji aliyekaa na watu hawa kurasa 200 anataka kuwaona vumbi likishatulia. Nani amelichukua duka? Mjane amekula leo? Mpe sura moja fupi, kurasa nne au tano, bila fumbo jipya, na urudi kwenye kitu kidogo cha mwanzoni ambacho msomaji anakikumbuka lakini hakutarajia kukiona tena.

Katika kisa chetu, shemeji ameshapelekwa kortini. Mpelelezi anarudi kibandani, anaagiza chai, kisha anauliza lile deni la siku ile lilikuwa pesa ngapi. Mama analamba kidole, anafungua daftari, anatafuta ukurasa. Sitini. Analipwa kwa sarafu, na kalamu inapita juu ya jina.