Je, wajua kwa nini motere ya lita 2.4 huiacha ya lita 3 kwenye mlima wa Ngomo?

Ukitoka Kamanyola kwenda Bukavu, barabara inatulia kwanza kwenye tambarare ya Ruzizi, halafu inageuka na kuanza kupanda Ngomo. Kwa miaka mingi wengi wameukwepa mlima huo kwa kupitia Bugarama, upande wa Rwanda, kwenye lami. Anayebaki huku kwetu, gari limejaa magunia ya mihogo na watu wameketi juu yake, ndiye hujua kweli motere yake ni ya namna gani. Hapo ndipo hutokea jambo linalowasha ubishi kwenye magaraji ya Kadutu, mjini Bukavu: Hilux ya zamani ya mazutu, lita 3, inatambaa kwa vitesi ya kwanza huku ikitema moshi mweusi, na nyuma yake inakuja Hilux mpya ya lita 2.4, mzigo uleule, inapiga honi na kupita.

Wazee wa usukani hawaipendi habari hiyo. Kwao motere kubwa ndiyo motere, na hizi ndogo ni vitu vya kuuzia watu wa mjini. Mimi nilikuwa upande wao kwa muda mrefu. Sasa niko nusu upande wao, na nitaeleza ni nusu ipi.

Tuanze na namba yenyewe. Lita 3 haisemi nguvu. Inasema ukubwa wa vyumba ambamo pistoni hupanda na kushuka, ukivijumlisha vyote. Fikiria kifua cha mbeba mizigo anayepandisha gunia kutoka ziwani hadi sokoni Kadutu. Kifua kipana ni kitu kizuri, lakini kinachomfikisha juu ni hewa anayoivuta. Mazutu nayo haiungui bila hewa: ukiongeza mazutu bila kuongeza hewa, hupati nguvu, unapata masizi. Kwa hiyo kabla ya kuuliza motere ina lita ngapi, uliza hewa kiasi gani inaingia kila inapopumua.

Na hewa ndiyo shida yetu. Bukavu iko kama mita 1,500 juu ya bahari. Uso wa Ziwa Kivu peke yake uko mita 1,460. Katika kimo hicho mgandamizo wa hewa umeshuka hadi karibu asilimia 84 au 85 ya ule wa pwani. Motere isiyo na turbo, yaani kifaa cha kushindilia hewa ndani yake, huvuta kile tu inachopewa na anga. Ile Hilux ya lita 3, ambayo kwa hesabu kamili ni sentimita za ujazo 2,986, ikifika hapa inapumua kama motere ya lita 2.5 iliyoko Muanda, kando ya bahari. Ipeleke njia ya Bunyakiri, pale Tshivanga penye hifadhi ya Kahuzi-Biega, zaidi ya mita 2,000, nayo inapoteza zaidi ya moja ya tano ya hewa yake. Namba kwenye karatasi za gari haibadiliki. Kifua ndicho kinabaki na nafasi tupu.

Moshi mweusi unatoka hapohapo. Pampu ya mazutu ya motere nyingi za zamani ni ya chuma tupu, haina macho. Imesetiwa kusukuma kiasi fulani cha mazutu kila mguu unapokanyaga, iwe Muanda au juu ya Ngomo. Hewa imepungua, mazutu imebaki ileile, basi sehemu yake inatoka nyuma haijaungua vizuri. Fundi mjanja huipunguza pampu kidogo kwa gari linalokaa milimani. Moshi unapungua kweli, na unachopoteza ni kidogo, kwa sababu mazutu ile ilikuwa inaishia hewani tu. Ziko pampu zenye kifaa cha kurekebisha kimo, ila kifaa hicho kikishakufa, wengi hawana habari kama kiliwahi kuwepo.

Turbo ilibuniwa kwa ajili ya shida ya namna hii. Mhandisi wa Uswisi, Alfred Büchi, alipata hataza yake mwaka 1905. Wazo ni rahisi kulieleza na gumu kulitengeneza: moshi unaotoka kwenye motere bado una joto na kasi, basi uzungushe gurudumu dogo kabla haujapotea, na gurudumu hilo lizungushe jingine linaloshindilia hewa safi ndani. Gurudumu la gari dogo huzunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Jaribio ninalolipenda zaidi ni la mwaka 1918, wakati Mmarekani Sanford Moss alipopandisha motere ya ndege aina ya Liberty juu ya mlima Pikes Peak, mita 4,300 hivi. Chini, motere hiyo ilitoa nguvu farasi 350. Juu ya mlima, bila turbo, ilitoa 230 tu. Ikafungwa turbo palepale juu, ikatoa 356. Mlima ulikuwa uleule na motere ileile. Kilichobadilika ni hewa iliyoingia.

Sasa rudi Ngomo. Motere ya Hilux ya zamani, isiyo na turbo, ina nguvu ya kuzungusha kama Newton-mita 200, na hiyo ni kabla mlima haujakata sehemu yake. Ile ya lita 2.4 iliyokuja na Hilux ya mwaka 2015 hufika 400, tena mapema, kuanzia mizunguko 1,600 hivi kwa dakika. Hewa ikipungua, turbo yake inazunguka haraka zaidi ili kufidia, na kompyuta inapima hewa iliyoingia kabla ya kutoa mazutu. Lakini ifahamike: aliyeshinda pale ni turbo. Udogo haujashinda chochote. Weka motere mbili za kizazi kimoja, zote zenye turbo, na mara nyingi kubwa inarudi mbele: Hilux ya lita 2.8, tangu mwaka 2020, inatoa hadi 500. Kwa Isuzu D-Max, ile ya lita 1.9 inatoa 350 wakati ya lita 3 ilikuwa ikitoa 380 na baadaye 450. Ford ndiyo iliyowachanganya watu, kwa kuweka kwenye Ranger lita 2 yenye turbo mbili inayotoa 500, kuliko lita 3.2 ya silinda tano iliyotoa 470.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji wa magari hulikuza: kwamba motere ndogo inakula kidogo. Mjini, ndiyo. Gari likiwa limesimama kwenye foleni ya Place de l'Indépendance, motere kubwa inazungusha vyuma vingi na vizito bila kazi, na msuguano wote huo unalipwa kwa mazutu. Mlimani hesabu ni nyingine. Chukua pikapu ambayo pamoja na mzigo ina tani 3. Uvira iko karibu na Ziwa Tanganyika, ambalo uso wake uko mita 774 hivi. Kuinua tani 3 kutoka kimo hicho hadi cha Bukavu, yaani mita 700 na zaidi, kunataka nishati ya megajuli 21 hivi. Lita moja ya mazutu ina kama megajuli 36, na motere hugeuza karibu theluthi moja tu kuwa kazi. Nyingine inakwenda kuwa joto. Maana yake ni kama lita 2 za kulipia kimo peke yake, kabla hujahesabu mashimo, matope, kona, na kushuka unakopanda tena. Lita 2 hizo zinadaiwa na mlima, na mlima hausomi namba iliyoandikwa kwenye gari. Ndiyo maana mwenye gari la lita 2.4 aliyeahidiwa maajabu anashangaa, akiwa amepakia kupita kiasi, kuona matumizi yake yanakaribiana na ya jirani mwenye 2.8.

Hiyo ndiyo nusu niliyowaachia vijana. Nusu ya wazee iko kwenye mazutu yenyewe.

Tunanunua mafuta kwa akina kadhafi, kwenye bidoni za njano, kando ya barabara. Bidoni jana ilikuwa na nini, hakuna anayeuliza. Mazutu yenye maji kidogo na vumbi kidogo, motere ya zamani inaimeza, inakohoa, inaendelea. Motere mpya inasukuma mazutu kwa mgandamizo wa zaidi ya bar 2,000 kupitia vitundu vyembamba sana. Tone la maji hapo si jambo dogo, na chembe ya mchanga ni patasi. Injekta, yaani kile kinachonyunyiza mazutu ndani ya motere, ikiharibika ukiwa Kamituga au njia ya Shabunda, fundi wa huko hana mashine ya kuipima. Atakachoweza kukufanyia ni kukuonyesha simu inashika mtandao wapi. Ndiyo sababu mashirika mengi yamekaa miaka na Land Cruiser ya silinda sita, lita 4.2, bila turbo. Nguvu yake ya kuzungusha ni 285 tu, yaani inashindwa na Hilux ya lita 2.4 kwenye karatasi. Lakini inaanza kuvuta ikiwa chini kabisa, bila kungoja gurudumu lolote lishike kasi, na fundi wa kijijini anaijua kama anavyojua njia ya nyumbani kwake. Kwenye matope, ile nukta moja ya kungoja turbo iamke ndiyo nukta gari linapozama.

Turbo nayo ina adabu zake. Ukifika juu baada ya kupanda kwa nguvu, usizime papo hapo. Gurudumu lile lina joto kali na linalainishwa na mafuta ya motere. Ukizima, mafuta yanasimama huku chuma bado kinawaka, nayo yanaganda kuwa masizi kwenye shafti yake. Dakika moja au mbili za kuacha motere ilie polepole zinatosha, muda wa kumlipa mtoto anayeuza ndizi dirishani.

Na kuna upande wa Ngomo ambao watu husahau kuujadili, kwa sababu hauna fahari: kushuka. Motere ya mazutu hushikilia gari kwa msuguano wake na kwa hewa inayobanwa na kuhamishwa humo ndani, kwa hiyo vyumba vikubwa hushikilia zaidi. Ile ya zamani ya lita 3 ilikuwa inabana hewa zaidi ya mara 22. Hii mpya ya 2.4 inabana kama mara 15.6, kwa sababu inategemea turbo kuongeza nyingine. Ukiwa kwenye vitesi ileile, mguu nje ya kanyagio, ya zamani inajizuia zaidi kuliko mpya. Dereva aliyezoea motere ya zamani hushuka na ya kwake mpya kwa vitesi ya tatu, akitegemea breki, na akifika Kamanyola magurudumu yananuka. Dakika kumi baadaye ile iliyoachwa mlimani wiki iliyopita inateremka taratibu, kwa vitesi ya pili, bila kunuka chochote, na dereva wake ndiye anayepiga honi.