Asilimia saba ya nini? Mrabaha kwenye Shark Tank

Kila kipande cha video cha Shark Tank, kipindi cha televisheni cha Marekani ambako wafanyabiashara huwaomba wawekezaji fedha, kikisambaa, maoni ni yale yale. Mwekezaji akitaka hisa 25%, anaitwa mnyonyaji. Akisema hisa hazitaki, yeye mrabaha tu, yaani asilimia ya kila mauzo, unamtosha, anasifiwa kuwa ana utu. Nimechoka kulisoma hili, kwa sababu mara nyingi ukweli ni kinyume chake.

Hisa hula faida. Mrabaha hula mauzo.

Chukua bidhaa ya shilingi 10,000, VAT pembeni. Malighafi, kiwanda na usafiri 6,000. Mishahara, pango na matangazo 2,800. Inabaki 1,200. Mwenye hisa 25% fungu lake ni 300, tena hadi gawio, yaani faida wanayogawiwa wenye hisa, litangazwe, na kampuni changa nyingi hazitangazi. Fedha inarudi kununua mzigo. Mwenye mrabaha wa 7% anachukua 700 mara tu bidhaa inapouzwa. Zaidi ya nusu ya faida imekwenda, na kwenye karatasi kampuni bado ni yako yote.

Sasa mwezi ukawa mbaya, ukashusha bei hadi 9,000 ili stoo ipungue. Gharama ni zile zile 8,800, kwa hiyo umebaki na 200. Mrabaha ni 630. Umeingia hasara ya 430 kwa kila bidhaa. Mwenye hisa mwezi huo anaumia pamoja nawe. Mwenye mrabaha ameshalipwa.

Ndiyo maana mjadala wa Ring, kampuni ya kengele za mlango iliyopita Shark Tank, unanikera. Mwaka 2013 Jamie Siminoff alipeleka kengele ya mlango yenye kamera, wakati huo ikiitwa DoorBot, akaomba dola 700,000 kwa hisa 10%. Kevin O'Leary, mmoja wa wawekezaji wa kipindi, akamwekea mezani mkopo wa dola 700,000, ulipwe kwa 10% ya mauzo hadi uishe, kisha 7% ya mauzo iendelee, na juu yake hisa 5%. Siminoff alikataa. Amazon ilipoinunua Ring mwaka 2018, kwa kiasi kilichoripotiwa kuwa takriban dola bilioni 1, watu wakawacheka wawekezaji. Cheka ukitaka, lakini soma ofa kwanza. Kampuni ya vifaa hulipa kiwanda kabla ya kuuza, na mauzo yakikua, mzigo unaofuata unahitaji fedha nyingi zaidi. Mrabaha unaichota fedha hiyo hiyo. Kukataa kulikuwa na mantiki siku ile ile, hata kama Amazon isingetokea.

Ofa ya mrabaha ikija, uliza: mauzo yapi? Bidhaa zilizorudishwa zimetolewa? Ni bei ya rejareja ya 10,000, au ya jumla ya 7,000 unayolipwa na supamaketi? Kikomo ni kipi, kwa mfano mwekezaji akisharudishiwa mara mbili ya fedha yake, mrabaha ufe? Na kampuni ikiuzwa, mrabaha unamfuata mnunuzi? Hili la mwisho husahaulika, na ndilo linaloweza kumkimbiza mnunuzi.

Sisemi mrabaha ni mbaya siku zote. Bidhaa yenye faida ghafi (bei ukitoa gharama ya kuitengeneza) ya 70%, ya familia isiyotaka kuuza kampuni, mrabaha wenye kikomo unaweza kuwa nafuu kuliko hisa. Mpaka uko wapi hasa? Vitabu vina fomula safi. Mimi sina ninayoiamini kwa kampuni ya miaka miwili ambayo mauzo yake hupanda na kushuka kwa msimu. Napanga fedha inayoingia na kutoka mwezi kwa mwezi, halafu nakisia.

Mawili ya haraka. Dola 100,000 kwa hisa 10% maana yake thamani ya kampuni ni dola 1,000,000 baada ya fedha kuingia. Kabla yake ni 900,000. Na kupeana mkono jukwaani hakufungi chochote: baada ya hapo vinakaguliwa vitabu, madeni na hataza (haki za uvumbuzi), na masharti hubadilika au makubaliano yote yanavunjika.