Cheti unacho, mikono je?

"Mimi hayo mafunzo ya huduma ya kwanza nilishapata, cheti ninacho." Kila nikiwaita wajitolea wa mtaa kwenye zoezi, jibu ni hilo. Cheti kiko sebuleni kwenye fremu, na mwenyewe hajapiga magoti mbele ya mdoli wa mazoezi tangu siku aliyopigwa picha akikipokea.

Tuambizane ukweli. Uwezo wa kukandamiza kifua cha mtu ambaye moyo wake umesimama huanza kushuka ndani ya miezi 3 hadi 6, hata kama cheti kimeandikwa kinadumu miaka 2. Aliyekaa mwaka mzima bila mazoezi atakutajia yote bila kukosea: mara 100 hadi 120 kwa dakika, kina cha sentimita 5 hadi 6, mikandamizo 30 kwa pumzi 2. Mpe mdoli sasa. Viwiko vimekunjika, viganja vimeteremkia tumboni, na kifua hakiachii kiinuke chote, kwa hiyo moyo haupati nafasi ya kujaa damu. Kabla dakika ya pili haijaisha kina kimepungua, na mwenyewe hana habari. Ndiyo maana tunapokezana kila dakika 2, hata mtu akiapa kwamba hajachoka. Kupokezana nako kuna mazoezi yake, maana watu husukumana kugombea nafasi na kifua kikabaki hakina mtu.

Wengi hudhani dawa yake ni kozi nyingine ya siku tano, yenye posho. Wapi! Dakika kumi tu, mara kwa mara. Hamna mdoli? Mto mgumu, sakafuni (si kitandani, nawaomba), saa ya simu, dakika 2, mpishe mwenzako. Fanyeni hivyo kikao cha mtaa kikiisha, kabla watu hawajatawanyika. Siku hiyohiyo fungueni na begi la huduma ya kwanza. Glavu zilizogandana kwa joto la Dar huchanika ukizivuta, betri za tochi zimevuja, na namba kwenye karatasi ya simu za dharura ni ya mjumbe aliyekwisha hama.

"Si Zimamoto wapo?" Wapo, na namba yao 114 ipigwe mapema, tena utaje alama ya karibu inayojulikana. Lakini ghorofa lilipoporomoka Kariakoo Novemba 2024, raia waliokuwa karibu walianza kufukua kifusi kwa mikono. Ila kuwahi si kuvamia. Pale Msamvu, Morogoro, Agosti 10, 2019, watu walilikimbilia lori lililopinduka wakachote petroli, likalipuka na zaidi ya 100 wakafa. Penye mafuta yaliyomwagika, kazi ya mjitolea ni kuwarudisha watu nyuma.

Dawa ya meno kwenye jeraha la moto? Hapana. Maji safi yanayotiririka, dakika 20.

Kijiko mdomoni kwa mwenye kifafa? Hapana, tena hapana! Ondoa vya kumuumiza, weka kitu laini chini ya kichwa, angalia saa. Shambulio likizidi dakika 5, hospitali. Likitulia, mlaze ubavu.

Halafu kuna wanaojiondoa kwenye kundi kwa sababu hawawezi kubeba machela. Nani kawaambia kazi ni machela tu? Mama muuza genge anayejua nyumba ipi bondeni ina mzee asiyetembea, na nani ana funguo za geti la nyuma, namtaka kwenye kila zoezi kuliko kijana mwenye kizibao kipya asiyepokea simu.